Vitz ya 1.0: nifunge injini ya 1NZ au niiache ilivyo?

Kipepeo_wa_Lami

Wakuu salama? Nina Vitz ile ya kwanza kabisa, chasisi SCP10, injini 1SZ-FE ya cc 997, gia manyuo. Gari naipenda kweli, bodi haina kutu, haijawahi kugongwa, ndani bado safi na kwenye kona inatulia kuliko magari mengi makubwa niliyowahi kushika. Shida yangu ni nguvu tu. Nikiwa peke yangu barabara ya tambarare sina neno, ila tukipanda watu wanne na mizigo, eisi imewashwa, afu mbele kuna mlima mrefu, hapo nashuka mpaka gia ya pili na foleni inajipanga nyuma yangu. Kuovateki ndo usiseme, napiga hesabu mapema halafu mara nyingi naamua kubaki nyuma ya lori maana sina uhakika kama nitamaliza kupita.

Sasa kichwani nina njia tatu. Ya kwanza kufunga 1NZ-FE ya cc 1496 iliyokuwa kwenye Vitz RS, ile Vitz ya kimichezo. Ya pili ni 2ZZ-GE ya 1.8, kuna watu wanazifunga kwenye haya magari madogo na nasikia zinakimbia vibaya mno. Ya tatu kuweka turbo (kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) kwenye hii hii injini yangu. Na kuna jamaa wananiambia uza, nunua RS yenyewe, acha kujisumbua. Mi sina haja ya mashindano, nataka gari ipande mlima bila kulia na ipite lori kwa usalama, na niendelee kuitumia kila siku bila kulala gereji. Waliowahi kufunga au mafundi mnaojua naomba mnieleze vitu ambavyo mtu akiuza injini hakwambii.

Spana_Kumi_na_Saba

Mkuu, swali zuri na gari nzuri. Kabla hujagusa kitu pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne. Hiyo injini ikiwa mpya ilitoa hp 70 na toki (nguvu ya kuzungusha) kama Nm 95, ni ndogo ndio, ila gari yenyewe haifiki tani moja kwa hiyo haitakiwi kufa kabisa mlimani namna unavyosema. Injini ya umri huo pistoni ringi zimechoka, valvu hazikai vizuri, plagi za siku nyingi, eakilina imeziba, au katalisti kwenye eksozi imeyeyuka ndani na moshi hautoki, na kila kimoja hapo kinakula nguvu kidogo kidogo mpaka unabaki na injini ya hp 50 huku unadhani tatizo ni ukubwa wa injini. Cheki na klachi kama haitelezi ukikanyaga mafuta gia ya nne. Halafu kama unakaa sehemu ya juu, injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ukiwa mita 1500 ile 70 imebaki kama 60, na hapo kompresa ya eisi bado haijachukua chake. Gari kubwa haisikii kompresa, ya hp 60 inaisikia sana.

Ukipima ukakuta injini ni nzima na bado haikutoshi, ndo tuongee kufunga nyingine. Mi ningeenda na 1NZ-FE, na sababu kubwa ni kwamba Toyota wenyewe waliifunga kwenye bodi hiyo hiyo, ile RS ya chasisi NCP13, hp kama 110 na toki zaidi ya Nm 140. Hiyo maana yake maunti (vishikizi vya injini), shafti za magurudumu, rejeta, bomba la eksozi, wayaringi, vyote vilishatengenezwa kiwandani kwa ajili ya gari kama yako, hakuna mtu wa kuchomelea vyuma kwa kukadiria. Mwenye Vitz ya 1.3 yenye 2NZ anapata urahisi zaidi kwa sababu 2NZ na 1NZ ni ndugu, silinda zote kipenyo milimita 75, tofauti ni safari ya pistoni, 73.5 kwa 84.7. Yako 1SZ ni ukoo mwingine, kwa hiyo usidanganyike kwamba utatoa injini na kurudisha nyingine jioni ikawaka. Chukua injini na gia boksi yake kama pea. Gia boksi ya 1.0 ilipangwa kwa injini dogo, hata ukiilazimisha gia zake ni fupi, utakuwa na injini kubwa inapiga kelele highway bure.

Kinachochelewesha gari gereji siku zote ni umeme. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya gari ya otomatiki inasubiri taarifa kutoka kwenye gia boksi ya otomatiki, ukiifunga kwenye manyuo taa ya injini haizimi na wakati mwingine sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, haitulii. Kuna 1NZ za ekseleta ya waya na kuna za ekseleta ya umeme, zote zinaitwa 1NZ, ila huwezi kuchanganya bila kubadili na pedeli na boksi lake. Kama ina imobilaiza (kizuia wizi kinachotambua funguo) lazima upate na funguo yake. Kwa hiyo ukipata RS iliyogongwa nyuma ambayo mbele iko sawa, nunua gari nzima, usinunue injini iliyokatwa waya kwa mkasi. Hapo utapata mpaka dashibodi na mita zake.

Na kitu kingine, soma maandishi kwenye bloku kwa makini. 1NZ-FE na 1NZ-FXE zinafanana sana kwa macho. FXE ni ya Prius, imepangwa isaidiwe na mota ya umeme, peke yake hata ile ya Prius ya pili inatoa kW 57 tu, yaani hp 76 hivi. Muuzaji anaweza kukuambia ni 1NZ na hajadanganya, ila wewe utakuwa umehangaika mwezi mzima kuongeza hp sita.

Mama_Wawili_Rodini

Mimi naungana na wanaosema uza. RS ipo imeshaundwa, ina breki zake, ina springi zake, kadi yake inasoma injini yake, unawasha unaondoka. Kubadili injini una gari mbili zisizotembea kwa wakati mmoja na kazini unaenda kwa miguu. Unasema ni gari ya kila siku, hapo mi ndo ninapokwama kukuelewa kaka yangu.

Redline_Mzee

Dada hapo juu ana hoja, ila ngoja nimjibu Kipepeo kuhusu 2ZZ maana aliuliza na watu wataipita haraka. Hiyo injini ilitengenezwa na Toyota pamoja na Yamaha, ipo kwenye Celica, kwenye RunX za Z Aerotourer, na mpaka Lotus waliichukua wakaiweka kwenye Elise. Zile za Japani karibu hp 190 kutoka cc 1795 bila turbo, na kuna kemu (inayofungua valvu) ya pili inaamka kama mizunguko 6200 hivi, ikiamka gari inabadilika sauti na tabia, kwenye kagari kepesi kama Vitz ni raha ambayo huwezi kumweleza mtu akaelewa mpaka akae ndani. Naipenda hiyo injini kwa moyo wote na nimesaidia kuifunga.

Ila kwa mahitaji uliyoandika haikufai. Nguvu zake ziko juu kabisa, wewe unataka nguvu ya kuvuta chini, mizunguko 2500 mpaka 4000, watu wanne na begi. Kule chini 2ZZ ni injini ya 1.8 ya kawaida tu, na hiyo kawaida utaipata kwa maunti za kuchonga, shafti za kuunganisha, gia boksi ya gia sita ambayo nayo inatafuta nafasi, na uzito umeongezeka pua ya mbele. Afu za mwanzo zilikuwa na shida ya boliti za roka kuchakaa, kemu ya pili inaacha kufanya kazi na unabaki hujui nguvu zimeenda wapi, lazima ufungue uziangalie kabla hujaifunga.

Turbo kwenye 1SZ pia iache. Angalia Toyota walivyofanya kwenye Starlet, injini ya kawaida 4E-FE ina mgandamizo wa 9.6 kwa 1, ile ya turbo 4E-FTE wakaushusha mpaka 8.2, bloku cc 1331 zilezile wakapata hp 135. Yaani kiwanda kilibadili pistoni na mambo mengine ya ndani kabla ya kusukuma hewa. Wewe ukibandika turbo juu ya pistoni za kawaida, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na siku moja pistoni inatoboka ukiwa katikati ya kuovateki, pale pale ulipokuwa unatafuta usalama.

Breki_Kwanza

Naona wote mnaongelea kwenda, hakuna anayeongelea kusimama. Nishati ambayo breki inatakiwa kuimeza inaongezeka kwa mraba wa spidi, kutoka 100 kwenda 140 breki zinafanya kazi karibu mara mbili, gari ileile uzito uleule. Ya 1.0 ina diski ndogo mbele na ngoma nyuma na tairi za upana wa 155. Sasa mtu anaweka hp 110 anafika kwenye kona na spidi ambayo gari haikuwahi kuijua. Volkswagen walipotoa Golf GTI mwaka 1976 walichukua injini ya 1.6 yenye hp 110, lakini hawakuishia hapo, waliweka diski zenye matundu ya hewa mbele, stablaiza (chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona), springi za kushusha gari na rimu pana zaidi. Kama kiwanda kiliona hp 110 kwenye gari dogo inahitaji vyote hivyo, na wewe unaenda kwenye namba hiyo hiyo kabisa, basi fanya hivyo hivyo. Ukinunua RS ya kubomoa chukua breki zake zote, mastasilinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli), habu za mbele, stablaiza na rimu. Vifunge na vijaribiwe KABLA injini haijaingia. Nasisitiza hili kwa sababu watu huwa wanasema breki nitaziweka mwezi ujao, na mwezi ujao una mambo yake.

Kingine ni kwamba gari inavuta kwa mbele. Ukikanyaga mafuta uzito unahamia nyuma, tairi za mbele zinapungukiwa mzigo wakati huohuo unataka zishike, ndo maana unasikia zinateleza kwenye mlima wenye maji. Na shafti mbili zikiwa na urefu tofauti usukani utakuvuta upande ukikanyaga ghafla. Kwa 110 utaizoea, kwa 190 kila siku ya mvua ni vita.

Kipepeo_wa_Lami

Wakuu nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. 2ZZ na turbo nimeshaviondoa kichwani. Dada Mama_Wawili nimekuelewa, RS nzima ningeinunua ila zote nilizoona bodi zimekufa, na bodi ndo kitu nilichonacho mimi, ndo maana wazo la kununua RS iliyochoka na kuhamisha vitu vyake linaniingia akilini zaidi. Nitaanza na kompresheni kama Spana alivyosema, nitaleta majibu. Bado nina maswali mawili. Mafuta yatapanda sana nikitoka 1.0 kwenda 1.5? Na huko kwenye kadi na bima inakuwaje, maana namba ya injini itabadilika.

Spana_Kumi_na_Saba

Mafuta mjini yatapanda kidogo, injini kubwa inakula zaidi ikiwa imesimama kwenye foleni. Safari ndefu tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sasa hivi hiyo 1.0 kwenye mlima unaikanyaga mpaka chini na injini yoyote ikikanyagwa mpaka chini inamwagiwa mafuta mengi, 1.5 itapanda mlima huohuo gia ya nne imetulia. Mguu wako ndo utaamua, ukianza kufurahia ile nguvu kila taa ikiwaka kijani, usinitafute.

Kadi, nchi nyingi namba ya injini imeandikwa na inabidi ukaguliwe upya na kadi irekebishwe, pamoja na cc. Kwa hiyo unaponunua ile RS hakikisha unapewa karatasi zake na maandishi ya mauziano yenye namba ya injini, bila hivyo siku ya ukaguzi utaonekana umefunga injini ya wizi.

Mama_Wawili_Rodini

Na bima waambie kwa maandishi kabla hujaanza kuiendesha, sio baada. Cc zimebadilika, nguvu zimebadilika, na wao walikukatia bima ya gari ya 1.0. Ikitokea ajali mtathmini wao anafungua boneti anasoma namba ya injini, ikiwa haifanani na kwenye karatasi wanaweza kupata sababu ya kukataa kulipa. Kama bodi za RS ulizoona ni mbovu kweli basi endelea kaka, ila bima na breki viwe tayari siku gari inatoka gereji.

Breki_Kwanza

Naongezea hapo kwenye mastasilinda, angalia kipenyo chake na cha yako kabla hujalipa, kama vimeandikwa tofauti chukua ya RS pamoja na servo yake (kile kisaidizi cha kulainisha pedeli ya breki), usichanganye, pedeli itakuwa ngumu au itazama. Na ukifika kwenye majibu ya kompresheni weka namba za silinda zote nne, sio wastani.