Tangu 2022 silali vizuri kwa sababu ya siasa. Kuna daktari hapa anisaidie?

Mama Cherehani, Kilifi

Hamjambo wenzangu. Mimi ni fundi wa nguo, miaka 43. Usiku wa tarehe 9 Agosti 2022 tulikesha na kakangu, yeye akifungua fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, mimi nikiandika kura kwenye daftari langu la vipimo vya wateja. Vituo vilikuwa 46,229 na tulidhani tutavimaliza wenyewe. Tukaendelea hivyo hadi matokeo yalipotangazwa ukumbi wa Bomas, Nairobi, tarehe 15. Daftari bado ninalo. Kurasa za mbele ni viuno na mabega ya watu, za nyuma ni kura za Turkana na Kisii.

Uchaguzi ukapita, usingizi haukurudi. Saa tatu usiku nishaingia chandaruani ili nifidie, lakini sipati hata lepe. Nachukua simu, nakuta watu wanatukanana kwa makabila yao, naanza kuwajibu mmoja mmoja. Adhana ya alfajiri inanikuta macho makavu. Jumatatu nimeshona mkono wa sare ya shule ndani nje, nikaufumua, nikaushona vile vile tena. Kaka alininunulia Piriton, ikanisaidia wiki moja tu. Tarehe 10 Agosti 2027 tunapiga kura tena na mimi naogopa.

Huu ni ugonjwa? Na jingine: mwanasiasa anayesema uongo mbele ya umati bila kupepesa macho, huyo naye si mgonjwa wa akili?

Tabibu wa Akili, Eldoret

Pole sana dada. Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili, na lile daftari lako limenigusa, maana mwaka ule mimi nami niliandika kura nyuma ya kalenda ya ukutani.

Mtu akikosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, na mchana wake ukaharibika, ndiyo, ni ugonjwa, na unatibika. Lakini kilichouleta sicho kinachoulea. Kesi ya kupinga matokeo ya urais iliamuliwa tarehe 5 Septemba 2022. Siasa ilikuondolea usingizi, sawa, ila kinachouzuia kurudi ni hiyo saa tatu yako. Unaingia kitandani kabla usingizi haujakuita, unagaagaa, unagombana na watu simuni, na kila usiku mwili unazidi kuzoea kwamba kitandani ni mahali pa ugomvi. Nadhani ukikaa kwenye matatu unasinzia bila taabu.

Amka saa kumi na mbili kamili kila siku, hata siku usiyofungua duka, hata kama umelala kwa muda wa saa mbili tu. Mchana usilale. Usiingie chandaruani mpaka macho yawe mazito, hata kama ni saa sita. Ukiona kama dakika ishirini zimepita na bado u macho, toka, kaa kitini, tia vifungo, urudi usingizi ukikushika. Simu ilale dukani. Wiki mbili za mwanzo zitakuwa ngumu, na huenda ukanilaumu. Kahawa ya jioni iache, kwa sababu saa tano baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Piriton ni dawa ya mzio, na mwili huzoea haraka ule usinziaji wake.

Kuhusu mwanasiasa, sitampa ugonjwa. Mwaka 1964 huko Marekani, jarida la Fact liliwauliza madaktari wa akili 12,356 kama mgombea urais Barry Goldwater alikuwa timamu kiasi cha kuongoza. Walijibu 2,417, na 1,189 kati yao wakasema hafai, bila hata kumshika mshipa. Goldwater alilishtaki jarida akashinda, na mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha nchi hiyo kikakataza kumpa mtu ugonjwa bila kumpima. Mimi naifuata kanuni hiyo kwa sababu yangu pia. Wagonjwa wangu wengi ni watu wakweli mno. Tukimwita kila mwongo mgonjwa, tunamtukana mgonjwa na kumsamehe mwongo.

Mkesha wa 34A

Daktari, kwa heshima zote, mnatulaza. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais kwa sababu kuna watu hawakulala. Tukizima simu, nani atalinda kura?

Tabibu wa Akili, Eldoret

Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Lakini kesi ile iliendeshwa kwa fomu na viapo, na tume ikashindwa kufungua seva zake kama mahakama ilivyoagiza. Matusi ya saa tisa usiku hayakufika mbele ya jaji. Na macho yaliyokesha siku tano husoma 3 mahali pa 8. Wekeni zamu, anayemaliza akalale.

Kuna kingine kinachonitia hofu. Msimu mmoja wa uchaguzi nililetewa mwanamume ambaye hakuwa amelala usiku nne. Alikuwa akiandika maoni mamia kwa siku, na mkewe alidhani ni uchungu wa nchi. Hakuchoka hata kidogo, na alishaanza kugawa ng'ombe. Ukimwona mtu wako hivyo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dada, wewe ukikosa usingizi unachoka, au unapata nguvu?

Mama Cherehani, Kilifi

Nachoka, Daktari. Nachoka hadi machozi.

Leo ni usiku wa nne simu imo kwenye droo ya cherehani. Jana nilitoka kitandani mara tatu, nikatia vifungo 22 vya mashati ya sare. Usingizi ulinichukua kwenye saa nane na nusu. Ila sisi huku adhana ni kama saa kumi na moja. Nikiswali kisha nikajinyoosha mpaka saa kumi na mbili, nimeharibu?

Tabibu wa Akili, Eldoret

Umeharibu, dada. Hiyo adhana ndiyo saa yako ya kuamka. Swali, fungua dirisha, chemsha chai, usirudi chandaruani.