Action Comics namba 1: nicheke wapi, ninyamaze wapi?

MsomaViputo: Wakuu, naandaa uchambuzi wa kejeli, fremu kwa fremu, wa kisa cha kwanza cha Superman, kile cha kurasa 13 kwenye Action Comics namba 1, Juni 1938. Rasimu ina vijembe zaidi ya 60 na haichekeshi. Nusu yake ni chupi juu ya suruali, na jinsi kisa kinavyoanza ghafla bila kichwa. Nipunguze wapi?

WinoMkavu: Chupi ifute, imeshachekwa ikachakaa. Bakiza vijembe viwili kwa ukurasa, na kabla ya kila kimoja eleza kinachotokea, maana msomaji hana katuni mkononi.

Ukurasa wa kwanza una "maelezo ya kisayansi": sisimizi hubeba mamia ya mara ya uzito wake, kwa hiyo Superman si ajabu. Usiishie kusema ni uongo, piga hesabu. Nguvu ya msuli hufuata unene wake, yaani mraba. Uzito hufuata ujazo. Mkuze sisimizi mara 100 kwa urefu: nguvu inapanda mara 10,000, uzito mara 1,000,000. Aliyekuwa akiinua mara 50 ya uzito wake sasa anaweza nusu tu, yaani hata kusimama hawezi. Hesabu ikishakaa, kijembe ni sentensi moja.

Halafu nenda kwa gavana. Superman anafika usiku kumtetea aliyehukumiwa kifo bila kosa, akiwa na muuaji halisi, mwanamke aliyefungwa kamba na kuzibwa mdomo, anambwaga bustanini na kumwambia ajistareheshe. Anavunja mlango, anambeba mtumishi juujuu hadi ghorofani, anakuta chumba cha kulala kina mlango wa chuma. Simama hapo! Wengi hucheka mlango unavyong'olewa, ilhali kichekesho ni kwamba upo. Huyu gavana alikuwa anamwogopa nani kila usiku, kabla hata Superman hajajulikana?

KaratasiKuukuu: Kijembe cha kuanza ghafla nacho kitoe. Siegel na Shuster, waliombuni Superman, walikichora kisa kama katuni za gazeti. Fremu zikakatwa na kubandikwa upya zienee kurasa za kitabu, na mwanzo ukaachwa. Ulikuja kuchapishwa kwenye Superman namba 1, mwaka 1939. Ukimcheka mwandishi kwa kosa la mkasi, anayejua atakuumbua kwenye maoni. Vilevile usimcheke Superman kwa kutopaa: wakati huo alikuwa anaruka tu, moja ya nane ya maili, kama mita 200.

Ukitaka cha kumcheka kwa haki, chukua Action Comics namba 8. Anabomoa mtaa mzima wa mabanda ili serikali ilazimike kujenga nyumba mpya. Wakazi anawaambia watoe vyombo vyao. Walale wapi hadi ujenzi uishe, hakuna anayeuliza.

MsomaViputo: Hiyo nimeichukua. Na zile nyaya za mwishoni?

WinoMkavu: Hizo ndizo bora kuliko zote. Anakimbia juu ya nyaya huku amembeba Greer, mshawishi wa maseneta kule Washington, akimweleza kwamba ndege hawadhuriki mpaka waguse nguzo. Kanuni ni sahihi, umeme unahitaji njia ya kwenda ardhini. Ila yeye mwenyewe anazitaja kuwa nyaya za simu! Laini ya simu hubeba volti 48 hivi, na kengele ikilia hufika kama 90. Greer anatetemeka kwa kuogopa kengele. Kisa kinakatika wakiwa bado juu, na wewe kata hapohapo.

KaratasiKuukuu: Nyongeza ya picha: Marekani kazi ya 1938 inalindwa na hakimiliki miaka 95, hadi mwisho wa 2033. Weka fremu chache unazozichambua, usipakie kurasa zote 13. Na maneno yaliyo ndani ya viputo yanukuu kama yalivyo. Ukiyatia chumvi, wasomaji watadhani hata mlango wa chuma umeubuni.