Kompaila inamwelezaje mzoa taka mahali vielekezi vilipo?

Mjenzi wa Lugha aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiandika, kwa kujifunza tu, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) ya lugha ndogo yenye fanksheni, matini na orodha, ambayo hutoa msimbo wa C na kumwachia gcc, kompaila ya C, kazi iliyobaki. Mzoa taka wangu, yaani sehemu inayorudisha kumbukumbu isiyotumika tena, ni wa aina kongwe kabisa, ile ya kutia alama na kufagia ambayo John McCarthy aliieleza pamoja na LISP mwaka 1960: huanzia kwenye mizizi, yaani vigeu ambavyo programu huvifikia moja kwa moja, hutia alama kila kitu kinachofikika, kisha hufagia visivyo na alama. Vigeu vya jumla nimevisajili kuwa mizizi, na vigeu vya ndani ya fanksheni husajiliwa kila fanksheni inapoanza.

Kinachonisumbua ni usemi huu mmoja wa lugha yangu: `unganisha(jina(), ukoo())`. Mara nyingi hutoa jibu sahihi, ila kumbukumbu inapokaribia kujaa, neno la kwanza hutoka limeharibika. Nimefuatilia nikaona kwamba `jina()` hurudisha matini mpya, halafu `ukoo()` inapoomba kumbukumbu mzoa taka huamka, na kwa kuwa haoni chochote kinachoishikilia matini ile ya kwanza, huifagia. Hakuna kigeu kilichopewa jina kwa ajili yake. Naomba kufahamishwa kompaila za lugha kubwa humjulishaje mzoa taka kwamba thamani fulani bado inahitajika, ilhali imo ndani ya rejista (nafasi ndogo ndani ya prosesa) au kwenye kipande cha staki (kumbukumbu ya fanksheni zinazoendelea) ambacho mwandishi wa programu hakukitaja popote.

Mzee wa Staki alijibu:

Ndugu Mjenzi, karibu kila anayejenga mzoa taka huanza kwa kuangukia shimo hilohilo, kwa hiyo usijilaumu. Mzoa taka hana macho ya kutambua kielekezi, yaani thamani inayobeba anwani ya kitu kwenye kumbukumbu. Mbele yake zipo biti 64 tu, nazo zinaweza kuwa anwani ya kitu, umri wa mtu au hesabu iliyoachwa katikati. Anayejua tofauti ni kompaila, kwa kuwa ndiyo iliyoziweka pale, lakini yenyewe imekwisha kumaliza kazi na kuondoka siku programu inapoendeshwa. Lazima basi iache ushahidi nyuma yake.

Ipo njia ya mkato ya kutoacha ushahidi wowote. Mzoa taka wa Hans Boehm na Mark Weiser, aliyeelezwa mwaka 1988, hupitia staki na rejista neno kwa neno, na kila neno linalofanana na anwani ya kitu kilichogawiwa hulihesabu kuwa kielekezi. Utapoteza nafasi pale namba ya kawaida inapofanana na anwani kwa sadfa, na hutaweza kuvihamisha vitu, maana hauwezi kulibadilisha neno ambalo pengine ni umri wa mtu. Lipo pia tatizo la kificho zaidi: gcc inapoboresha msimbo, inaweza kuigeuza `a[i-1000]` iwe kielekezi kilichokwisha kurudishwa nyuma vipengele 1000 kabla ya kitanzi kuanza, na anwani halisi ya mwanzo wa safu isibaki popote pa kuonekana.

Kwa kuwa wewe unatoa C, ningeshauri staki ya kivuli, mbinu ambayo Fergus Henderson aliieleza mwaka 2002 na ambayo LLVM, mradi wa zana za kujengea kompaila, nayo inaitoa ikiwa tayari. Kila fanksheni huweka kwenye staki ya C muundo wenye idadi ya nafasi, kiungo cha muundo wa fanksheni iliyoiita, na nafasi zenyewe za vielekezi. Kigeu kimoja cha jumla huelekeza kwenye muundo wa juu kabisa, na mzoa taka hushuka kwa kufuata viungo. Ulichokosea ni kuwapa nafasi wenye majina pekee. Kabla ya kutoa C, vunja kila usemi hadi kila tokeo la kati lipate nafasi yake:

`n[0] = jina(); n[1] = ukoo(); n[2] = unganisha(n[0], n[1]);`

Nafasi zote zijazwe sifuri fanksheni inapoanza, la sivyo mzoa taka atafuata mabaki ya fanksheni iliyotangulia.

Fundi wa Asembli alijibu:

Nakubaliana na Mzee kuhusu C. Hata hivyo swali liliuliza lugha kubwa hufanya nini, na nyingi kati ya hizo hazitumii kivuli, kwa sababu kinalazimisha vielekezi vikae kwenye kumbukumbu badala ya rejista, na gharama hiyo hulipwa hata kama mzoa taka hataamka kamwe. Wao huandika ramani za staki.

Chukua kompaila ya OCaml inayotoa msimbo wa mashine, ambayo naifahamu vizuri kuliko nyingine. Kwa kila mahali fanksheni inapoitwa, kompaila huandika kando ya msimbo rekodi ndogo inayotafutwa kwa anwani ya kurudi: fremu hii (kipande cha staki cha fanksheni moja) ina ukubwa wa baiti kadhaa, na thamani zilizo hai zimo kwenye nafasi kadha wa kadha. Mzoa taka akiamka, husoma anwani ya kurudi iliyo juu ya staki, huitafuta kwenye jedwali, hutembelea nafasi zilizotajwa, huruka fremu nzima kwa kuwa anajua ukubwa wake, kisha hurudia kwa fremu inayofuata. OCaml haina rejista ambazo fanksheni iliyoitwa inawajibika kuzihifadhi, kwa hiyo wakati wa wito wa kawaida kila kilicho hai kimekwisha kuwekwa kwenye staki. Pale inapomwita mzoa taka mwenyewe, rejista zote huhifadhiwa kwa mpangilio unaojulikana, na rekodi huweza kutaja rejista pia. Wakati programu inaendelea na shughuli zake, ramani hizo hazigharimu hata agizo moja la prosesa.

Ramani hutaja thamani zilizo hai tu, si kila kigeu kilichoandikwa. Kigeu ambacho hakitatumika tena hakimo, na kitu chake kinaweza kuzolewa hata kabla fanksheni haijamalizika, jambo ambalo staki yako ya kivuli haitakupa mpaka uzifute nafasi kwa mkono.

Rekodi ya OCaml haisemi kama nafasi ina namba au kielekezi. Biti ya chini kabisa ndiyo inayosema: namba kamili hubeba 1, na ndiyo maana zina biti 63, 3 huhifadhiwa kama 7, na kujumlisha `a` na `b` ni kutoa msimbo wa `a + b - 1`.

Mzoa taka anayehamisha vitu huleta kero nyingine, nayo ni kielekezi kinachoangukia katikati ya safu. Kitu kikihama, kielekezi hicho nacho lazima kihame kwa umbali uleule. OCaml hukataza kabisa thamani ya aina hiyo kuwa hai pale mzoa taka anapoweza kuamka. LLVM hurekodi jozi ya kielekezi cha msingi na kile kilichotokana nacho, ili cha pili kipatikane upya baada ya cha kwanza kusogezwa.

Mjenzi wa Lugha aliandika:

Nawashukuru sana, wakuu. Nina swali linalozaliwa na hilo la ramani: ikiwa zimefungwa kwenye anwani za kurudi, inakuwaje uzi mmoja (mkondo mmoja wa kazi kati ya kadhaa ndani ya programu) ukiwa ndani ya kitanzi cha hesabu tupu, kisichoita fanksheni wala kuomba kumbukumbu, huku uzi mwingine umekwama ukimsubiri mzoa taka?

Msafiri wa Nyuzi alijibu:

Ule uliokwama hubaki ukisubiri, na tatizo hilo limewasumbua hata wakubwa. Kabla ya toleo la lugha ya Go 1.14 lililotoka mwaka 2020, kitanzi cha namna hiyo kingeweza kuisimamisha programu nzima, kwa sababu Go ilitegemea ukaguzi wa staki ulio mwanzoni mwa fanksheni ili kuutaka uzi usimame, na kitanzi tupu hakipiti hapo. Tangu toleo hilo, mfumo hutuma ishara ya mfumo endeshi inayoukatiza uzi popote ulipo. Ramani ya kila agizo haipo, kwa hiyo fremu ya juu kabisa hukaguliwa kwa kubahatisha, kwa njia ileile ya Boehm! Mimi naona huo ni ungwana wa kihandisi: wamekubali kubahatisha fremu moja ili waepuke ramani za maagizo yote.

HotSpot, mfumo unaoendesha programu za Java, iliichukua njia nyingine. Kompaila yake hupanda vituo salama, yaani mahali ambapo uzi unaweza kusimamishwa, ndani ya vitanzi, na kituo cha asili kilikuwa agizo moja la kusoma ukurasa maalumu wa kumbukumbu. Mfumo ukitaka nyuzi zisimame, huufunga ukurasa huo, na kila uzi unaousoma hunaswa. OCaml nayo ilipandikiza ukaguzi ndani ya vitanzi kuanzia toleo la 4.14, mwaka 2022, kwani awali ilitegemea ukaguzi unaofanyika wakati wa kugawa kumbukumbu.

Fundi wa Asembli aliongeza:

Ukija kugawa vitu kwa vizazi, vichanga na vikongwe, ili vichanga vizolewe peke yake mara kwa mara, kompaila itadaiwa ushahidi wa aina nyingine, wa kila uandishi kwenye kumbukumbu. Kitu kikongwe kikiandikiwa kielekezi cha kitu kichanga, mzoa taka wa kizazi kichanga hatakijua asipoambiwa. Kwa hiyo baada ya kila uandishi wa kielekezi, kompaila hutoa maagizo machache ya ziada. Kwa wazoa taka kadhaa wa HotSpot, anwani ya kitu husogezwa biti 9 kulia, na baiti moja kwenye jedwali la kadi hutiwa alama kwamba eneo hilo la baiti 512 limeguswa. Uandishi wa namba hauhitaji hayo, na hapo ndipo kujua aina za vigeu mapema kunapolipa.

Mzee wa Staki aliongeza:

Hayo ya vizazi yaache kwanza, Ndugu Mjenzi. Leo weka swichi inayomwamsha mzoa taka kila kumbukumbu inapoombwa, na kila kinachofagiwa ukijaze baiti za ajabu ajabu kabla ya kukirudisha. Programu itakwenda kama kobe, lakini kosa lako litajitokeza kila mara badala ya mara moja kwa wiki.

Mjenzi wa Lugha aliandika:

Nimeiweka swichi hiyo usiku huu. Usemi wa `unganisha` sasa unapita salama kwa nafasi za kati, ila umeibuka mwingine nisioutarajia: `orodha(a, b)` hugawa kichwa cha orodha, kisha huomba nafasi ya pili kabla sijakijaza kichwa sifuri. Yaani kosa limo ndani ya maktaba niliyoiandika kwa mkono, ambayo kompaila yangu haijawahi kuigusa.

Mzee wa Staki alijibu:

Maktaba hiyo nayo iandikie muundo wa kivuli. C uliyoiandika mwenyewe haina kompaila ya kuitolea ushahidi.