MREJESHO: Sindano za Kichina kwa maumivu sugu ya kiuno

Wakuu, salaam. Mwaka jana niliuliza kama tiba ya sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa, ingenisaidia kiuno. Asanteni sana mliojibu.

Nilimfuata aliyesema nianze kwa daktari. Daktari alinipima, hakuona cha kutisha, akaniruhusu kujaribu. Sindano haziumi kama nilivyohofia; unasikia tu uzito fulani ndani ya nyama. (Hakikisheni pakiti mpya inafunguliwa mbele yenu, msione aibu kudai.) Sasa nalala vizuri na diklofenaki, dawa ya maumivu, nameza mara chache. Ila ganzi ya mguu iko palepale, hiyo nairudisha kwa daktari. Nikikaa muda mrefu bila kwenda kuchomwa sindano, kiuno kinaanza tena, na bei nayo inauma.

Kwangu kilichosaidia zaidi ni mazoezi ya fiziotherapia, nayafanya nyumbani bure. Mkanda wa kiuno nimeuacha: muongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Desemba 2023 hauupendekezi, ingawa unakubali mazoezi, masaji na hata sindano hizi.

Dada uliyeuliza kuhusu sindano hizi ukiwa mjamzito, mwambie mtaalamu kabla hajaanza, kuna sehemu za mwili wanaziepuka.