Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza kwenye nguzo ilikuwaje?

Magoti_Mazito: Jamani, Jumamosi nilienda darasa langu la kwanza la dansi ya nguzo. Mkasa ulianza hata sijatoka nyumbani. Nilimwandikia mamangu, nikaiita nguzo kwa Kiingereza: "Leo siji, nina darasa la pole." Akajibu papo hapo: "Pole ya nani? Nani ametuacha?" Ikabidi nipige simu, na nikaharibu zaidi, maana sasa alijua ni dansi, ni chuma, na ni kaptula fupi. Alinyamaza, kisha akauliza kama bado naenda kanisani.

Studio iko Kilimani, ghorofa ya tatu. Kwa sababu ya hii baridi ya Julai nilikuwa nimejipaka mafuta kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, si mnajua ngozi inavyopauka. Mwalimu kuniona nang'aa, akanipa kitambaa na spiriti nijisugue. Wapi! Kumbe pale juu hubebwi na mikono peke yake, ni ngozi kavu ya mapaja inayong'ang'ania chuma. Kaptula ni ya kazi, si ya maringo. Wenzangu walizunguka, mimi nikateleza kama kambare. Leo ni Jumatatu, mapaja yamevilia damu na kuinua kikombe cha chai ni shughuli. Nyinyi mlianzaje?

Mtoto_wa_Ngara: Pole (ile ya kwetu). Mimi ni mwanamume, na nilianza na sarakasi, kwa hiyo nilijua nitaonyesha watu kazi. Nguzo ilinishusha cheo. Usiku mmoja tu viganja vilitoka malengelenge. Anayesema ni mambo ya wanawake aulizie mallakhamb ya India, wanaume wanapanda nguzo ya mbao kama mchezo tangu enzi za mababu. Halafu, Magoti, nguzo yao hupakwa mafuta ya mbarika. Labda ulikosea nchi tu.

Bibi_Bado_Yupo: Nina miaka 52. Nguzo niliiogopa nikachagua vile vitambaa virefu vinavyoning'inia kutoka darini. Unajizungushia kitambaa mguuni mpaka kinafunga fundo, kisha unasimama juu yake. Hakuna aliyenionya kwamba fundo lile linabana mguu kama kiatu cha kuazima! Nilipanda kama mita moja, nikajisikia malaika, nikapigwa picha. Kushuka ndiyo ikawa hadithi. Kulifungua fundo sikujua, na kadiri nilivyovuta ndivyo lilivyokaza. Vijana wawili walininyanyua kiunoni kama gunia la viazi. Nilicheka hadi nikalia.

Wanangu, kwa vitambaa mavazi ni kinyume na ya nguzo: suruali ndefu ya kubana, na blauzi inayofunika makwapa. Kitambaa kikikupita kwa kasi nyuma ya goti kinachoma kama pasi.

Sirudi_Huko: Naona mnacheka, mimi nilitoka na bega bovu. Darasa lilikuwa la wanagenzi lakini tulikuwa watu kumi na wawili kwa nguzo nne, godoro moja jembamba la kupokezana, na dakika tano za kunyoosha viungo. Kufikia nusu saa mwalimu anatuambia tugeuke kichwa chini. Siku ya kwanza! Jina la mahali sitaji. Ila kabla ya kulipa nenda ukaangalie darasa moja, uhesabu magodoro. Na uulize kama nguzo imefungwa au inazunguka yenyewe, kwa sababu inayozunguka itakutapisha kama matatu ya barabara ya milimani.

Mtoto_wa_Ngara: Sirudi, hapo umesema kweli. Kichwa chini kinangoja mabega na tumbo vikomae. Sisi tulikaa wiki kadhaa tukijifunza kuanguka tu. Na pete mvue, inakwaruza chuma na inabana kidole.

Magoti_Mazito: Asanteni. Bibi, nimekupenda bure. Nitarudi Jumamosi, mkavu kama omena.

Ila nina shida nyingine. Kumbe kabla sijampigia, mama alikuwa ameshautuma ule ujumbe wangu kwenye grupu ya familia. Shangazi wa Murang'a amenipigia asubuhi kunifariji, na watu wawili wameshatuma mchango wa mia tano tano. Narudishaje hizi pesa?