Mjadala: Kengele ya sekondari Mwanza isogezwe hadi saa 2:30 asubuhi?

Kila tukigusa suala hili, jibu ni moja: mwanafunzi anayesinzia kipindi cha kwanza ni mvivu, anakesha na simu, alale mapema. Napinga.

Saa ya mwili ipo kweli. Ni kundi dogo la seli kwenye ubongo, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana. Mwaka 1972 watafiti waliliharibu kwa panya, na ratiba yao ya kunywa maji na kukimbia ikavurugika kabisa. Saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga wa jua unaoingia machoni. Kijana akibalehe, inachelewa. Hata akijilaza saa 3, usingizi unaweza kumkwepa mpaka saa 5. Kuchelewa huko kumeonekana hata kwa panya wa maabara, kwa hiyo tusiisingizie simu peke yake.

Sasa njoo Mwanza. Saa yetu ya ukutani ni moja na ya Dar es Salaam, lakini jua linatufikia kama dakika 25 baadaye kwa wastani. Februari linachomoza karibu saa 1 kamili! Mtoto wa Kisesa au Buhongwa, pembezoni mwa jiji, anayetakiwa getini saa hiyo ameamka saa 10 na nusu, kasimama gizani akigombea daladala na watu wazima. Mabinti ndio wananiuma zaidi. Wala tusingoje msimu utuokoe, maana huku karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki hata kwa dakika 20 mwaka mzima.

Seattle, Marekani, walisogeza masomo mwaka 2016 kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45. Wanafunzi waliopimwa wakaongeza dakika 34 za usingizi.

Mchangiaji: Mwalimu, sayansi yako sibishani nayo. Ila shule ya mwanangu ina mikondo miwili. Wa asubuhi ukichelewa, wa mchana watatoka usiku, na giza ni lile lile. Halafu mimi alfajiri niko soko la samaki la Mwaloni nagombea dagaa, nani atahakikisha mtoto ameondoka?

Mtoa mada: Mama, la mikondo ni zito. Shule hizo haziwezi kusogea mpaka madarasa yaongezwe. Na kwa mzazi kama wewe, geti lifunguliwe mapema kwa atakayewahi, asiadhibiwe atakayefika baadaye. Lakini zenye mkondo mmoja zinangoja nini? Zianze na saa 2 kamili muhula ujao, na hisabati iondolewe kipindi cha kwanza.