Tupeane uzoefu: "Mawazo yangu si mawazo yenu". Mstari huu umewahi kukufunga mdomo?

Mwalimu wa Jinja (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Jambo hili nimekaa nalo zaidi ya miaka kumi. Leo naliweka hapa, maana naamini siko peke yangu.

Mwaka 2014 tulimzika mtoto wetu wa kiume, wa miaka minne. Malaria ilimmaliza damu. Hospitali tuliyomfikisha usiku ule friji ya damu ilikuwa tupu, tukaambiwa tungoje gari lije asubuhi. Asubuhi haikumkuta.

Siku ya maziko mvua ilikuwa inanyesha. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu mpaka leo, akafungua Biblia yake aliyokuwa ameizungushia kavera, yaani mfuko wa plastiki, akasoma Isaya 55:8: "Maana mawazo yangu si mawazo yenu, wala njia zenu si njia zangu, asema BWANA." Basi, hakuongeza neno. Akairudisha Biblia kwenye kavera, akapiga fundo mbili, akaketi.

Toka siku hiyo sikuuliza tena kwa nini damu haikuwepo. Sikuuliza kwa nini baba yake mtoto alichelewa kurudi na boda. Kila swali lilipopanda kooni, mstari ule ulilisukuma chini. Kanisani niliendelea kwenda, na kwaya niliimba, lakini Mungu nilimwogopa kama mtu anavyomwogopa bosi asiyejulikana kesho ataamka na lipi.

Mwaka jana kwenye ibada ya nyumbani ikawa zamu yangu kusoma, nikapewa sura nzima ya 55. Nikafika mstari wa 7: "Mtu mbaya na aache njia yake, na mtu asiye haki aache mawazo yake; na amrudie BWANA, naye atamrehemu; na arejee kwa Mungu wetu, naye atamsamehe kabisa." Halafu mara hiyo hiyo: "Maana mawazo yangu si mawazo yenu..."

Nikakwama hapo kwenye "maana". Mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Kila muhula nawaambia wanafunzi kwamba sentensi inayoanza na "maana" imeshika mkono sentensi iliyoitangulia, huwezi kuitenga ukaelewa. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nimeupokea mstari wa 8 ukiwa umekatwa mkono! Pale nabii hasemi habari za msiba. Anasema habari za msamaha. Sisi tukikosewa tunaweka hesabu, tena hesabu ya riba. Yeye anasamehe kabisa. Ndiyo tofauti ambayo mstari wa 9 unaifananisha na umbali wa mbingu na nchi.

Nililia mbele za watu, wakadhani nimemkumbuka mtoto.

Naomba tupeane uzoefu. Mstari huu, au mwingine unaotaja mawazo ya Mungu, wewe ulikufikiaje? Mahubiri tunayasikia kila Jumapili, hapa nataka yaliyokupata mwenyewe.

Mwanafunzi wa theolojia, Mukono

Pole sana mwalimu. Nitasema kidogo tu, maana umeshaligusa lenyewe.

Angalia mpangilio. Mstari wa 7 unataja njia ya mtu mbaya, kisha mawazo yake. Mstari wa 8 unachukua maneno hayo hayo mawili na kuyageuza: mawazo, kisha njia. Kwa hiyo "mawazo yenu" yanayosemwa pale ni yale yale ambayo mtu ameambiwa ayaache. Halafu neno la Kiebrania lililotumika, *mahashavot*, halihusu fikra zinazopita kichwani tu. Ni mipango, makusudi. Katika Kutoka 31:4 ndilo linalotumika kwa Bezaleli, fundi wa hema, akibuni kazi za dhahabu, fedha na shaba. Kwetu, kwa Kiganda, tunasoma *ebirowoozo*, na mimi niliposikia neno hilo utotoni nilidhani Mungu amekaa mahali anawaza tu. Kumbe ni kama fundi mwenye kazi mkononi.

Baba wa Nakivale

Mimi mstari wangu ni Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi... ni mawazo ya amani wala si ya mabaya."

Nilitoka Kivu, Kongo, na mke na watoto watatu. Hapa kambi ya wakimbizi mstari huo uko kila mahali, umeandikwa ukutani, umeandikwa kwenye pikipiki. Mchungaji wetu alikuwa akiuhubiri, na sisi sote tulisikia neno moja: ndege. Mawazo ya amani ni Marekani, ni Kanada. Kipande cha shamba nilichopewa sikukigusa misimu miwili. Nilimwambia mama watoto, hatupandi mahali tunapoondoka. Yeye alinyamaza, akawa anakwenda kulimia watu wengine ili tule.

Siku moja binti yangu mkubwa akanisomea ile sura kutoka juu. Kumbe ni barua! Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 5 unasema: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Mstari wa 10 unasema miaka sabini. Sabini! Wengi waliosomewa barua ile walikuwa wafie kule kule. Na ndani ya hiyo sabini ndimo Mungu anasema mawazo yake ni ya amani.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikachukua jembe. Tulipanda maharage na mahindi. Ndege kama itakuja, ije. Mwaka huu mama watoto ameongeza mstari wa migomba nyuma ya nyumba, na migomba, wanaoijua wanajua, hapandi mtu anayefunga mizigo.

Mzee wa Arua

Mwalimu, nakupa pole, lakini niruhusu nisimame upande wa yule mzee wa kanisa. Yapo mambo ya Mungu yasiyochunguzika. Paulo mwenyewe katika Warumi 11:33 anasema hukumu zake hazichunguziki wala njia zake hazitafutikani. Mtu aliyesimama kaburini hana maneno, anashika andiko lililo karibu. Nami nimefanya hivyo mara nyingi, kwa nia njema kabisa.

Mwalimu wa Jinja

Mzee wangu, shikamoo. Nia yake siitilii shaka hata kidogo. Ila nimeufungua huo mstari wa Warumi sasa hivi. Hebu soma wa 32 uliotangulia: Mungu amewafunga wote katika kuasi "ili awarehemu wote." Ndipo Paulo anapaza sauti. Hata pale kinachomshangaza ni rehema.

Na damu kukosekana kwenye friji, mzee wangu, siwezi tena kuiita wazo la Mungu. Kuna mtu alipaswa kuagiza.

Mzee wa Arua

Marahaba, mwanangu. Hilo la mstari wa 32 sikuwahi kuliunganisha. Nalichukua.

Kijana wa Kasese

Kwangu unaonisumbua ni mstari wa 10 wa ile Isaya 55, pale neno la Mungu linapofananishwa na mvua na theluji. Sisi huku theluji tunaijua kwa macho. Asubuhi mawingu yakifunguka unaiona juu ya Rwenzori, nyeupe, na wewe umesimama barabarani unatoka jasho. Lakini Mei 2020 Mto Nyamwamba ulifurika, ukashuka na mawe makubwa kama gari, na nyumba yetu ikaenda. Mtu akinisomea kwamba mvua haishuki bure, moyo unakataa.

Niliusoma tena baada ya mada hii. Nabii anataja mvua ya namna moja, ile inayompa "apandaye" mbegu, na "alaye" chakula. Hajasema kila maji yanayoshuka yametumwa. Hapo ndipo nilipofika, sijafika mbali zaidi.

Mama wa Gulu

Mimi ni Mwacholi, Kiswahili nilikipata kambi ya jeshi, baba alikuwa askari.

Kaka yangu alitekwa na waasi wa LRA mwaka 1996. Hakurudi. Mwaka 2004 akarudi kijana wa jirani aliyetekwa naye usiku ule ule. Alikuwa na ile karatasi ya msamaha wa serikali kwa walioacha uasi, chini ya sheria ya mwaka 2000, ile ambayo viongozi wetu wa dini, Wakristo na Waislamu, waliipigania pamoja. Kila mtu alijua alichofanya huko porini, au alidhani anajua. Mama yangu alikuwa akimwona njiani anageuka, anarudi alikotoka, hata kama amebeba maji kichwani.

Miaka mitatu hivyo. Kisha wazee wakaita *mato oput*, desturi yetu Waacholi ya kupatanisha. Pande mbili zinapiga magoti, mikono nyuma, zinainama kwenye kibuyu kimoja kunywa dawa ya mzizi mchungu. Mama alikunywa. Nilikuwa karibu, nikaona kidevu chake kinatetemeka na ile dawa inadondoka kwenye gauni.

Jioni nikamuuliza, mama, umewezaje? Akaniambia, "Sijaweza. Nimekunywa tu. Mawazo yangu bado yapo." Halafu akasema, "Lakini ya Mungu si haya yangu." Mama hajui kusoma, mwalimu. Mstari huo aliusikia kanisani, akauelewa hivyo hivyo ulivyouelewa wewe. Yule kijana ndiye aliyemchimbia mama kaburi mwaka 2019.

Mwalimu wa Jinja

Mama wa Gulu, nimesoma ulichoandika mara tatu, kisha nikampa simu baba watoto asome.

Kuna kitu mwanzoni nilikitaja nikakipita haraka. Usiku ule yeye alitumwa kutafuta boda saa mbili, akarudi saa tano. Alikuwa amepita mahali kunywa, akidhani homa ni ile ya kawaida. Hatujawahi kuyazungumza. Nilimpikia, nilimfulia, nikazaa naye watoto wengine wawili, na zile saa tatu nilizihesabu kila siku ya Mungu.

Jana nimemwambia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema na yeye amezihesabu. Sijui kama nimemsamehe kabisa. Kama mama yako, nimekunywa tu.

Jumamosi tunakwenda kaburini wawili, palishamea nyasi. Wengine endeleeni kuandika, nitasoma nikirudi.